Kurekebisha Saketi ya Taa za Gari Iliyozidiwa na Tela

Pikapu inayovuta tela ni chombo cha kazi cha kawaida katika nyanda za juu kusini. Viazi vya Isongole, mbao za Mafinga, mpunga wa Ubaruku na matangi ya maji ya kumwagilia vitalu vya miche husafirishwa hivyo kila msimu. Matela mengi yanatengenezwa na mafundi wa kuchomelea wa hapa hapa, na kwa upande wa chuma kazi yao ni imara. Udhaifu huanza pale taa za tela zinapounganishwa moja kwa moja kwenye nyaya za taa za nyuma za gari, kwa kumenya ganda, kusokota waya juu ya waya na kuzungushia tepu. Gari linaondoka Uyole taa zote zikiwaka, na kabla halijafika Chimala fyuzi ya taa ndogo imekatika na kuzima taa za nyuma za gari pamoja na za tela kwa mara moja, huku malori na mabasi ya barabara kuu yakija kwa kasi nyuma yake.

Dawa inayotolewa mara nyingi kando ya barabara ni kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya. Dawa hiyo inaweza kuunguza gari. Fyuzi iliwekwa na mtengenezaji ili iwe sehemu dhaifu kuliko zote katika saketi, ikatike kabla waya haujapata joto la kuyeyusha ganda lake. Ukiweka fyuzi ya ampea 20 mahali pa ampea 10, sehemu dhaifu inahamia kwenye waya wenyewe, ambao umefungwa pamoja na nyaya nyingine ndani ya mlango, chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, mahali usipoweza kuuona unapoanza kuiva. Kwa hiyo kazi yote inayofuata inalenga jambo moja, nalo ni kuliondoa tela kwenye mgongo wa nyaya nyembamba za gari na kulipa njia yake ya umeme, yenye waya wa kutosha na fyuzi zake.

Mzigo wenyewe ni kiasi gani

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa kabla ya kugusa bisibisi. Gawanya wati za balbu kwa volti za gari, nawe utapata ampea. Balbu ya breki au ya indiketa kwa kawaida ni ya wati 21, kwa hiyo katika gari la volti 12 inakula ampea 1.75. Balbu ya taa ndogo ni ya wati 5, nayo inakula ampea 0.42.

Chukua pikapu yenye taa mbili za breki na moja ya juu, zote za wati 21. Hizo ni wati 63, sawa na ampea 5.25. Tela lenye taa mbili za breki linaongeza ampea 3.5, na jumla inafika 8.75. Injini ikiwaka, alteneta, yaani jenereta ya gari, hupandisha volti hadi karibu 14, na mkondo huo huo unasogea kuelekea ampea 9 na nusu. Ikiwa fyuzi ya breki ni ya ampea 10, imebaki na nafasi ndogo mno, kwa maana kanuni ya mafundi ni kwamba fyuzi isibebe kwa muda mrefu zaidi ya robo tatu ya uwezo wake, au asilimia 80 kwa wingi kabisa. Mwenye tela akiamua kuongeza taa nyingine mbili za breki ili aonekane vizuri zaidi kwenye ukungu, jambo ambalo nia yake ni njema kabisa, saketi inavuka ampea 12 na fyuzi haina budi kukatika.

Taa ndogo ndizo zinazodanganya watu zaidi, kwa sababu kila moja ni hafifu na hakuna anayezihesabu. Gari lenyewe lina mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya namba na zile za dashibodi, ambazo kwa pamoja zinakaribia ampea 3. Tela refu la mbao lina mbili za nyuma, mbili za mbele, mbili za namba na nne za ubavuni, ambazo ni balbu kumi na wati 50, yaani ampea 4.2 za nyongeza. Jumla inapita ampea 7, tena mfululizo, usiku mzima. Katika gari lenye fyuzi ya ampea 7.5 kwa taa hizo, safari haitakwisha salama.

Inafaa pia kujua kwamba fyuzi haikatiki papo hapo inapozidiwa kidogo. Ikipitishiwa mkondo maradufu ya uwezo wake, inakatika ndani ya sekunde chache. Ikizidiwa kwa theluthi hivi, inaweza kuvumilia kwa dakika kadhaa. Na ikizidiwa kwa sehemu ya kumi tu, inaweza kudumu kwa saa nyingi ikiwa moto. Ndiyo sababu taa zinazowaka vizuri mbele ya gereji hazithibitishi chochote kuhusu taa hizo zitakapofika Makambako.

Kwanza hakikisha kwamba si shoti

Fyuzi inayokatika mara tu unapowasha swichi, au mara tu unapochomeka plagi ya tela, inaashiria shoti, yaani waya wenye umeme umegusa chuma. Fyuzi inayokatika baada ya mwendo, au pale tu breki inapokanyagwa kwa muda mrefu kama katika kuteremka Kitonga, inaashiria kuzidiwa. Itazame fyuzi yenyewe: ile iliyokatwa na shoti mara nyingi ina weusi uliorukia ndani ya plastiki, na iliyozidiwa taratibu huwa imeyeyuka katikati bila kuchafuka sana. Ukikuta plastiki ya fyuzi imebadilika rangi upande wa mguu mmoja, basi mguu huo haushiki vizuri kwenye boksi, na joto linatoka hapo.

Usiteketeze fyuzi kumi kwa kutafuta shoti. Toa fyuzi iliyokatika na mahali pake weka balbu ya taa kubwa ya wati 55, kwa nyaya mbili fupi. Balbu hiyo itaruhusu ampea zisizozidi 5 kupita hata kama kuna shoti kamili, kwa hiyo waya hautaungua wakati unatafuta. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti. Chomoa plagi ya tela, na ikififia mara moja ujue shoti iko kwenye tela. Kisha fuata waya wa tela taratibu ukiutikisa kila unapopita kwenye ukingo wa chuma, kwenye tundu lisilo na mpira na karibu na springi, hadi balbu ibadilike. Katika matela yaliyochomelewa baada ya kutandazwa waya, kagua kwanza karibu na sehemu zilizochomelewa, kwa sababu cheche za kuchomelea hutoboa ganda na tundu hilo huonekana tu baada ya mvua kuingia.

Njia nzuri zaidi ya kulipima tela ni kulitenga kabisa na gari. Chukua betri ya volti 12, ifungie waya wenye fyuzi ya ampea 10 kwenye chanya, unganisha hasi na pini ya ethi ya plagi ya tela, yaani ile ya waya unaorudisha umeme kwenye betri, kisha gusa pini moja baada ya nyingine. Ukipitisha waya huo kwenye mita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10, utasoma mzigo halisi wa kila pini na kuulinganisha na hesabu yako ya balbu. Usiiache mita ikipitisha mkondo mkubwa kwa muda mrefu, kwa maana nyingi zimeandikwa zenyewe kwamba zivumilie sekunde chache tu. Pini inayokula zaidi ya jumla ya balbu zake ina hitilafu ambayo rilei, swichi ya umeme itakayoelezwa mbele, haitaiponya.

Ethi kabla ya kitu kingine chochote

Sehemu hii namwomba msomaji asiiruke, kwa sababu matatizo mengi yanayoitwa ya fyuzi au ya balbu mbovu ni matatizo ya ethi. Umeme wote unaoingia kwenye tela kwa nyaya sita lazima urudi kwenye betri, na kwa kawaida unarudi kwa waya mmoja tu. Taa ndogo, breki na indiketa moja zikiwaka pamoja, waya huo unabeba ampea 9 au zaidi. Hata hivyo, katika matela mengi utakuta waya wa ethi ni mwembamba kama wa spika, au haupo kabisa, na umeme umeachiwa upite kwenye chuma cha kuvutia tela. Chuma hicho kina grisi, kutu na vumbi, na kinacheza kila gari linapoingia kwenye shimo.

Dalili za ethi mbaya zinajulikana: ukiwasha indiketa ya kushoto taa ndogo zinapepesa nazo, ukikanyaga breki taa nyingine zinafifia, au taa zinarudi unapolitikisa tela. Kuipima, washa taa zote za tela, weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri ya gari na mwingine kwenye chuma cha kishikilio cha balbu ya tela. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzuri, ikivuka 0.5, itengeneze kabla hujaendelea. Tengeneza kwa kutandaza waya wa ethi wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye chesi ya gari hadi kwenye soketi, na mwingine wa unene huo huo kutoka kwenye plagi hadi kwenye kila taa ya tela. Mahali unapoufungia kwenye chesi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza kwa bolti, nati na washa yenye meno, kisha paka grisi juu yake ili unyevu usipenye.

Kupunguza mzigo kabla ya kuongeza waya

Badilisha taa za tela ziwe za LED ikiwa mfuko unaruhusu, na ikiwa taa zenyewe ni zile zilizofungwa kabisa zisipitishe maji. Taa ya breki ya LED inakula wati chache tu mahali pa 21. Matela yenye taa kumi ndogo yanashuka kutoka ampea 4 hadi chini ya ampea moja. Kwa tela dogo lenye taa nne, badiliko hili peke yake linaweza kumaliza tatizo bila rilei yoyote. Hata hivyo, pima mkondo baada ya kubadilisha, wala usitegemee maandishi ya kwenye boksi.

Kwa tela kubwa, au kwa mtu anayevuta tela la watu tofauti kila wiki na hajui zitakuwa balbu za aina gani, napendekeza rilei bila kusita.

Kulipa tela njia yake ya umeme

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoivuta swichi hiyo, inakula chini ya ampea 0.2, na mguso wake unaweza kubeba ampea 30. Kwa hiyo waya wa taa ya breki wa gari, uliokuwa ukilazimishwa kubeba ampea 3.5 za tela, unabaki na kazi ya kuiamsha koili tu, na umeme wa tela unatoka moja kwa moja kwenye betri. Faida inaifikia hata swichi ya pedeli ya breki, ambayo migusano yake huungua polepole kwa mzigo wa ziada hadi siku moja taa za breki zinakataa kuwaka kabisa, au zinakataa kuzimika.

Utahitaji rilei nne za volti 12 zenye miguu minne: moja ya taa ndogo, moja ya breki, moja ya indiketa ya kushoto na moja ya kulia. Miguu imeandikwa namba. Namba 30 inapokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 inapeleka umeme kwenye soketi ya tela, 86 inaunganishwa na waya wa taa ya gari unaoamuru, na 85 inakwenda ethi. Chagua rilei zenye kizuizi cha mruko wa umeme ndani yake, yaani diodi au rizista, kwa sababu koili inapozimwa hurudisha mruko wa volti kubwa unaoweza kudhuru vifaa vya elektroniki. Rilei yenye diodi haikubali kugeuzwa, kwa hiyo chanya iwe kwenye 86 na hasi kwenye 85 kama mchoro wa ubavuni unavyoonyesha.

Anza kwa kufungua hasi ya betri. Kisha tandaza waya mmoja mnene kutoka kwenye chanya ya betri hadi nyuma ya gari, na fyuzi kuu ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 au 30, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Umeme huu usipite kwenye swichi ya gari. Taa za breki na hazadi, yaani indiketa zote zikipepesa pamoja, zinapaswa kufanya kazi hata injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, hasa gari likiwa limeharibika kwenye kona.

Unene wa waya si jambo la kubahatisha. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 6, ukibeba ampea 8, unapoteza zaidi ya volti 1.1 kwa kwenda tu, kabla umeme haujarudi kwa ethi. Waya wa milimita mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.34. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho: balbu iliyopungukiwa na sehemu ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga. Kwenye ukungu wa Isongole au mvua ya Tukuyu, theluthi hiyo ndiyo inayomwezesha dereva wa nyuma kukuona mapema.

Jihadhari unaponunua. Kuna nyaya zinazoonekana za shaba lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu, na ukiona weupe, irudishe dukani. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu nao haufai, hata ukiwa mnene, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi utaukata ndani ya ganda lake bila wewe kuona. Nunua waya wa magari wenye nyuzi nyingi laini, na uuvishe mrija wa plastiki kwa urefu wake wote. Upitishe juu ya chesi, mbali na bomba la moshi na sehemu zinazozunguka, na kila unapopenya kwenye bati weka mpira wa tundu. Ufunge kila baada ya sentimita 30 hivi ili usining'inie.

Boksi la rilei likae mahali pakavu. Katika gari la kufunikwa, nafasi nzuri ni nyuma ya paneli ya ndani karibu na taa ya nyuma, ambapo nyaya za kuamuru zinakuwa fupi sana. Katika pikapu nafasi hiyo haipo, kwa hiyo tumia boksi lenye mfuniko wa mpira, lifungwe juu kwenye ubavu wa ndani wa chesi chini ya bodi, nyaya zikiingia kutokea chini ili maji yasizifuate hadi ndani. Usiliweke nyuma ya tairi. Matope ya barabara za Makete mwezi wa pili hayaachi kitu kilichokaa hapo.

Ndani ya boksi, gawa umeme kwa fyuzi ndogo ili hitilafu moja isizime tela zima. Kutoka kwenye 87 ya rilei ya taa ndogo, toa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja na fyuzi ya ampea 5, ili upande mmoja ukipata shoti mwingine ubaki ukiwaka. Breki ipe ampea 7.5, na kila indiketa ampea 5. Rangi za fyuzi za bapa zitakusaidia usichanganye: ampea 5 ni kahawia iliyofifia, 7.5 ni kahawia iliyokoza, 10 ni nyekundu, 15 ni buluu, na 20 ni njano. Mzigo mkubwa kabisa wa tela tulilolihesabu, yaani taa ndogo zote, breki na hazadi kwa wakati mmoja, ni karibu ampea 11.2, na fyuzi kuu ya 15 inaubeba bila kuungua.

Kuhusu viungo, sokota-na-tepu haina nafasi katika kazi hii. Gundi ya tepu hulainika kwa joto la mchana na kuachia, kisha vumbi na maji vinaingia. Vile vibanio vya plastiki vinavyobana waya mmoja juu ya mwingine na kutoboa ganda, ambavyo huuzwa kwa ajili ya kuchukua umeme haraka, hukata baadhi ya nyuzi na kuacha mlango wa kutu. Bana terminali kwa koleo lake maalumu, vuta kwa mkono kuhakikisha imeshika, kisha vika mrija unaosinyaa kwa joto, ukiwezekana ule wenye gundi ndani. Anayependa kulehemu na alehemu, lakini aufunge waya karibu na kiungo usitikisike, kwa sababu waya uliolehemiwa hukatikia pale lehemu inapoishia.

Soketi yenye pini saba

Katika soketi ya kawaida ya pini saba ya volti 12, pini 1 ni indiketa ya kushoto kwa waya wa njano, 2 ni taa ya ukungu ya nyuma kwa buluu, 3 ni ethi kwa nyeupe, 4 ni indiketa ya kulia kwa kijani, 5 ni taa ndogo ya kulia kwa kahawia, 6 ni breki kwa nyekundu, na 7 ni taa ndogo ya kushoto kwa nyeusi. Fuata namba zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe kuliko rangi, kwa maana tela lililotengenezwa kwa nyaya zilizopatikana siku hiyo linaweza kuwa na rangi yoyote mahali popote. Pima kila pini kwa taa ya kupimia.

Tahadhari nyingine inawahusu wenye Canter na malori. Mengi ya magari hayo ni ya volti 24, na mpangilio wa pini zake ni tofauti. Usiazime tela la lori kwa pikapu bila kubadilisha balbu na plagi, wala usifunge rilei za volti 12 kwenye lori.

Indiketa na flasha

Indiketa zina tabia yake, nayo inatokana na flasha, kifaa kinachozifanya zipepese. Flasha ya zamani ya joto hupepesa kwa kutegemea mzigo. Ukiongeza balbu za tela, inapepesa haraka kupita kiasi. Flasha ya elektroniki hutengenezwa kwa idadi fulani ya balbu, na ikizidiwa huungua. Ukitumia rilei kama ilivyoelezwa, flasha ya gari haiuoni mzigo wa tela kabisa, na kasi inabaki ile ya kawaida, ambayo inapaswa kuwa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Gharama yake ni kwamba dereva hatajulishwa balbu ya indiketa ya tela inapoungua, kwa sababu dashibodi itaendelea kupepesa kama kawaida. Kwa maoni yangu hili ni jambo zito katika barabara ambazo lori hupishana na lori kwenye kona. Lipo suluhisho: flasha ya elektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya tela, yenye mguu wa ziada ulioandikwa C2, unaounganishwa na taa ndogo ya dashibodi inayopepesa tu pale balbu za tela zinapofanya kazi. Flasha hiyo lazima iuone mzigo wa tela wenyewe, hivyo anayeichagua huacha indiketa za tela bila rilei, akabaki na rilei mbili, ya breki na ya taa ndogo. Ukibaki na rilei nne, mtu asimame nyuma ya tela na kukagua indiketa kila kabla ya safari.

Magari mapya yasiyopenda kuguswa

Maelezo haya yanafaa kwa magari ambayo taa zake zinaendeshwa kwa swichi na fyuzi za kawaida. Katika magari mapya, kompyuta ndiyo inayotuma umeme kwenye kila taa na kupima kama balbu ipo, na mengine hutumia balbu moja kwa taa ndogo na breki kwa kukatakata umeme kwa kasi. Rilei ya kawaida ikiunganishwa hapo itatetemeka, na kompyuta inaweza kuizima njia hiyo au kuharibika. Kwa magari hayo tumia moduli ya tela iliyotengenezwa kwa gari husika, yenye waya wake wa betri, na ifungwe na fundi umeme wa magari mwenye kifaa cha kuisoma kompyuta hiyo.

Majaribio kabla ya kuondoka

Rudisha hasi ya betri na ujaribu kila taa moja moja, kisha zote pamoja. Washa injini, taa ndogo na hazadi, mwombe mtu akanyage breki, na uache hali hiyo kwa dakika 15. Pitisha mkono kwenye waya mnene, kwenye fyuzi kuu, kwenye rilei na kwenye plagi. Uvuguvugu ni wa kawaida, lakini mahali popote panapokufanya uondoe mkono kwa haraka pana kiungo kisichoshika, na pafunguliwe upya siku hiyo hiyo. Pima volti kwenye balbu ya mwisho kabisa ya tela; ikiwa imepungua zaidi ya volti moja kulinganisha na betri, rudi kwenye ethi.

Kisha livute tela kwenye uwanja na ukate kona hadi mwisho wa usukani, kushoto na kulia. Waya wa plagi usivutike katika kona kali wala usiguse ardhi tela linapoinama. Paka grisi kidogo kwenye pini za plagi, na tela likiwa limeegeshwa, ninginiza plagi ikitazama chini ndani ya kifuniko chake. Nyunyizia boksi la rilei maji kwa ndoo, subiri kidogo, na ulifungue uone kama ndani ni pakavu.

Mwisho, chora kwenye karatasi ni fyuzi ipi inalinda taa ipi, iweke kwenye mfuko wa plastiki na uibandike ndani ya mfuniko wa boksi, pamoja na fyuzi mbili za akiba za kila ukubwa uliotumia.